Moto Uliowahi

Bartolomayo hakuwaamini mafundi. Alisema fundi ni mtu anayekufungulia nati tatu, akafunga mbili, ya tatu akaiuza. Kwa hiyo pikipiki yake aliitengeneza mwenyewe, nyumbani kwake Ihumwa, ukutani upande wenye kivuli, juu ya gunia lililotandikwa, spana zimepangwa kwa ukubwa. Kila nati ilikuwa na mahali pake. Ole wako upite hapo na ndoo ya maji.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ile aina ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, na ilikuwa imezaliwa serikalini. Miaka kumi na mmoja ilimbeba akiwa bwana mifugo wa kata. Mwaka tisini na nne serikali ikaanza kupunguza watu, jina lake likasomwa. Wenzake walishukuru wakaenda kulima. Yeye akaomba auziwe pikipiki, akauziwa ikiwa hoi, taa imepasuka, siti imetoka matumbo. Akaifungua yote ikabaki fremu tupu, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaifunga tena. Ikawaka kiki ya pili. Tangu siku hiyo, kumwambia kuna jambo la pikipiki asilolijua ilikuwa sawa na kumtukana.

Kazi hakuiacha, maana kuku na ng'ombe hawakupunguzwa pamoja naye. Alikwenda mjini kuchukua chanjo ya mdondo wa kuku, akaitia kwenye chupa ya chai iliyojaa barafu, akaifunga nyuma ya siti na kukimbia nayo vijiji vya upande wa Hombolo kabla barafu haijayeyuka. Watu waliendelea kumwita Bwana Mifugo, naye aliendelea kuitika.

Sasa binti yake. Elieth alikuwa mtoto wao wa pekee na alikulia juu ya lile gunia. Hajaanza shule, ukimwambia lete spana namba kumi na nne, anakuletea hata akifumba macho. Baba alijivunia hayo sana, akawasimulia watu, mpaka mtoto alipomaliza kidato cha nne na baba akashtuka kugundua kwamba mwenzake hakuwa anacheza. Alichaguliwa chuo cha ualimu, hakwenda. Alipata kazi Dar es Salaam, Kariakoo, kwenye duka la spea za pikipiki. Ilikuwa miaka ile mipaka imefunguliwa, vitu tulivyokuwa tukivisikia tu vilikuwa vinashushwa kwa makontena, na mtu anayejua kipi kinaingia wapi alitafutwa kwa tochi.

"Kuuza nati!" Bartolomayo alisema. Ulikuwa mwaka uleule wa kupunguzwa, na mtu aliyevuliwa cheo haongei vizuri. Alimwambia binti yake mbele ya mama yake, na mbele ya majirani wawili waliokuja kuazima jembe: "Nenda. Lakini hapa usirudi mpaka siku utakayokuja kusema umekosea."

"Sawa, baba," Elieth akajibu. Angebisha ingekuwa afadhali.

Loisi, mkewe Bartolomayo, alilia mwezi mzima. Alipochoka kulia akaanza kuuliza. Kila Jumapili wakitoka kanisani: "Baba Elieth, tumwandikie mtoto?" Na kila Jumapili jibu lilikuwa moja: "Aliyekosa ndiye anayeandika." Hivyo ikapita miaka miwili. Mwanamume alikuwa anamkumbuka binti yake mpaka kifua kinauma, lakini hilo alilimeza mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha kulimeza.

Mwezi wa tano mwaka tisini na sita pikipiki ikazimika na kukataa katakata. Bartolomayo alikagua kabureta, plagi, waya mmoja mmoja, akamfikia mchawi: kiboksi cheusi chini ya tangi, mafundi wanakiita sidiai. Kazi yake ni kuamua plagi irushe cheche wakati gani. Kiboksi hicho hakifunguliki. Ndani kimemwagiwa gundi ngumu, na ukikipasua umekiua. Kwa mara ya kwanza tangu aijue pikipiki ile, alikutana na kitu asichoweza kukitia spana. Alizunguka Dodoma mjini siku tatu, maduka yote, hakuna.

Loisi hakuomba ruhusa safari hii. Aliandika barua, akampa kondakta wa basi la Dar. Hazikufika wiki mbili, Jumanne moja, kondakta yuleyule akamletea kifurushi: kiboksi kipya, si cha kampuni iliyounda pikipiki, bali kimoja cha kuletwa kutoka Dubai, cha watu wanaopenda kurekebisha injini zao wenyewe. Ubavuni kilikuwa na kitufe cha kuzungusha, kama cha redio, kimezungukwa na namba moja mpaka kumi na mbili. Kilikuja na karatasi ya maelezo, ila maandishi yake yalikuwa ya Kichina au Kijapani, hakuna aliyejua.

Bartolomayo alikigeuza kiboksi mkononi muda mrefu. Alijua kimetoka wapi, hakuwa mjinga kiasi hicho.

"Nitakifunga," akamwambia mkewe. "Kikifanya kazi, nitamwandikia mimi mwenyewe arudi nyumbani siku anayotaka, na sitamdai neno. Kisipofanya, tusiulizane tena habari hiyo."

"Umesema, Baba Elieth?"

"Nimesema."

Loisi akaenda jikoni akafunga macho akaomba. Ukifikiria vizuri, yalikuwa mapatano ya ajabu, mtoto wa mtu kupimwa kwa kiboksi. Lakini mama aliona afadhali kiboksi kuliko ukuta.

Kesho yake asubuhi akaja Methusela kwa baiskeli. Methusela alikuwa karani wa ghala la mahindi la mfanyabiashara mmoja wa Kibaigwa, kijana mstaarabu mwenye haraka, na ghala lile, palepale Ihumwa, ndilo lililokuwa na simu ya karibu. Watu wa Ihumwa walipigiwa pale, Methusela akaandika ujumbe kwenye daftari na kuwafikishia.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba."

"Binti yako amepiga simu. Amesema hicho kitu alichokutumia ukiweke saa nne."

"Saa nne?"

"Ndiyo, saa nne. Amesema kina namba kama saa." Methusela alikuwa ameshageuza baiskeli. "Nimeandika yote daftarini. Kama hujaelewa, twende ghalani nikupigie umuulize mwenyewe."

Bartolomayo alimtazama. "Nani hajaelewa?"

Kijana akaenda zake. Bartolomayo akavua saa ya mkononi, akaiweka juu ya gunia kando ya kiboksi. Alikuwa mtu wa makini, kila kitu alikipima. Sasa, mtoto wa darasa la pili anajua: ikifika saa nne, mshale mfupi unakuwa kwenye namba kumi. Wenye saa zao wanaandika kumi, sisi tunasema nne, na hatujawahi kugombana nao. Akazungusha kitufe taratibu, tik, tik, tik, mpaka kwenye kumi. Akafunga waya, akarudisha tangi.

Kiki ya kwanza ilimrudi, ikampiga chini ya unyayo mpaka akaruka kwa mguu mmoja akimtaja mama wa mtu. Ya pili vilevile. Ya tatu injini ikashika, na jamani, ikashika kweli. Akiipa mafuta kidogo inataka kumtoka mikononi. Alikwenda mpaka njia panda na kurudi, akasimama mbele ya mkewe, meno yote nje.

"Mama Elieth! Hii haijawahi kukimbia hivi hata ilipokuwa mpya!"

Loisi akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Siku tatu Bartolomayo alikuwa bwana harusi. Alhamisi alizunguka vijiji vitatu akarudi na barafu bado inagongana ndani ya chupa. Kila aliposimama alieleza, hata kwa wasiouliza, kwamba kimeletwa na binti yake, yuko Kariakoo, anavijua vitu hivi. Ni kweli, injini ilikuwa inagonga. Ikipanda mlima ilitoa mlio wa kokoto ndani ya kopo, na mtu mmoja wa Hombolo akamwuliza mbona inalia hivyo. "Hiyo ndiyo nguvu," akamjibu. Ijumaa jioni aliketi na karatasi na kalamu, akaandika "Mpendwa binti yetu Elieth," akafikiri, akaona kesho ana safari yenye mlima mrefu na mzigo, heri aijaribu kwanza huko ndipo amalizie barua.

Hapo lazima niseme kidogo habari za moto. Cheche ikitoka kwa wakati wake, mlipuko unaisukuma pistoni ikiwa ndiyo kwanza inaanza kushuka. Ukiuwahisha moto kidogo, unapata mbio. Ukiuwahisha mno, mlipuko unakutana na pistoni ikiwa bado inapanda, wanagongana uso kwa uso, na joto la ugomvi huo halina pa kwenda. Bartolomayo alikuwa anayajua haya yote. Ndiyo maana inaudhi.

Jumamosi, katikati ya mlima, injini ilinuka, ikapiga kelele moja ya chuma, ikanyamaza. Aliisukuma kilomita nne juani. Kijijini wanawake walikuwa wamemngoja tangu asubuhi na kuku wao kwenye matenga. "Mbukwenyi, Bwana Mifugo!" wakamsalimu kwa furaha. Alifungua chupa ya chai mbele yao, barafu ilikuwa imekuwa maji ya uvuguvugu. Chanjo aliimwaga chini palepale, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya kuku wa watu. Akarudi juu ya lori la mahindi, pikipiki imelala kati ya magunia.

Nyumbani alifungua hedi ya silinda. Pistoni ilikuwa na tundu katikati, kidole kinapita.

"Umeona?" akamwambia Loisi, akimwonyesha tundu lile kama hakimu anayeonyesha kisu. "Miaka miwili unaniuliza. Umeona sasa?"

Loisi aliona. Na mapatano ni mapatano.

Jumatatu Bartolomayo alikwenda ghalani akamwambia Methusela apige simu Kariakoo, yeye mwenyewe akasimama nje mlangoni. "Mwambie: Boksi lako limetoboa pistoni. Kazi huijui. Ulikosea kwenda, na sasa umekosea tena."

"Niseme hivyohivyo, mzee?"

"Hivyohivyo."

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye alijikwaa ulimi kwa simu ya watu, na karani akishuhudia.

Hakulala vizuri baada ya hapo. Alhamisi asubuhi akajikuta anakwenda tena ghalani, kusikia kama binti amejibu lolote. Methusela alikuwa nje anapima magunia. Daftari lilikuwa wazi mezani, karibu na simu, na Bartolomayo akaanza kufunua kurasa kutafuta jina lake. Alilipata, lakini kwenye ukurasa wa nyuma kidogo, wa ile Jumatano ya kwanza. Mwandiko wa Methusela ulikuwa safi:

"Elieth, Kariakoo. Kwa Bwana Mifugo. Kile kitufe atie NNE. Namba zimezunguka kama saa. Asivuke sita, moto utawahi mno ataua pistoni."

Alisoma mara tatu. Atie nne. Hakusema saa nne. Saa alikuwa ameitaja tu ili baba yake ajue kitufe kinafananaje. Nne ilikuwa nne, ile iliyoandikwa pale kwenye boksi, na yeye akaenda kumwekea kumi, akapita sita kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria.

Methusela akaingia akijipangusa pumba. "Kuna shida, Bwana Mifugo?"

"Uliniambia saa nne."

"Si ndiyo hiyo? Nne, kama saa." Kijana akachungulia daftari, midomo ikacheza. Alikuwa ameelewa. "Lo! Mzee, nisamehe. Ila nilikuambia twende tupige simu."

Alimwambia, kweli. Bartolomayo alikumbuka hata yeye alivyojibu, na masikio yakamwaka moto. Aliona aibu, aibu hasa, ya mtu mzima aliyevuliwa nguo.

Simu ilikuwa pale mezani na kufuli lake dogo kwenye kizungushio cha namba. Methusela akatoa ufunguo mfukoni. "Nikufungulie umpigie? Saa hizi yuko dukani. Ni dakika mbili tu."

Bartolomayo aliutazama ufunguo. Alifikiri atasema nini. Maneno yenyewe yalikuwa mawili, nimekosea mwanangu, lakini tangu azaliwe hajawahi kuyatia mdomoni kwa mpangilio huo. Na karani angekuwa anasikia.

"Acha," akasema. "Mambo haya ni ya barua. Nitaandika."

Hakuandika siku ile, alikuwa na silinda ya kusafisha. Ijumaa hakuandika, kwa sababu aliona barua nzuri inataka mtu aliyetulia. Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Jumapili Loisi hakuuliza kitu walipotoka kanisani, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, na Bartolomayo akatembea kando yake akiisubiri ile sauti ili ajibu tofauti, lakini sauti haikuja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Lake lilikuwa linauma kweli, na bado alikuwa anangoja.

Jumanne kondakta wa basi akashusha kifurushi kingine. Ndani mlikuwa na pistoni mpya, ringi zake, gasketi ya hedi, na barua. Loisi aliisoma kwa sauti, amesimama uani.

"Baba na mama, shikamooni. Nimepata ujumbe wa baba. Nimetafuta wapi nilikosea, nimetafuta mpaka kichwa kimeuma, sijapaona. Fundi asiyeliona kosa lake ni hatari kwa watu. Kila siku hapa dukani nawaambia watu weka hivi, weka vile, wanatoka wanaingia barabarani na roho zao. Nimeogopa. Nimeacha kazi, na mwenye duka ameshampa mpwa wake nafasi yangu. Spana zangu nimewagawia wenzangu. Baba alisema nirudi siku nitakayosema nimekosea. Ninakuja Jumapili kusema. Kama chuo cha ualimu bado wanachukua watu, nitakwenda. Hii pistoni ni badala ya ile. Nisameheni."

Loisi alipiga kigelegele, kisha akalia, kisha akacheka huku analia. "Mtoto anarudi! Na ualimu atasoma!" Akamshika mumewe mkono, jambo asilolifanya mchana. "Kumbe ulikuwa na haki, Baba Elieth. Mimi nilikuwa nakuona una roho ngumu. Nisamehe na mimi."

Bartolomayo alifungua mdomo. Kila kitu alichokitaka kwa miaka miwili kilikuwa kimeletwa mpaka uani kwake, kimefungwa vizuri kwa kamba, na alijua hakikuwa haki yake. Akafunga mdomo, akaichukua pistoni, akaenda kwenye gunia lake.

Aliifunga siku hiyohiyo. Kitufe akakiweka kwenye namba nne. Kiki moja tu, injini ikashika, laini, haigongi, inavuta kwa pumzi ndefu. Alikaa kitako chini akiisikiliza. Ilikuwa imefungwa sawasawa, na hakufurahi hata chembe.

Siku ya Jumapili alimwacha Loisi anapika wali na kuku, akaenda peke yake na pikipiki kumngoja Elieth barabara kuu. Njiani aliyasema yale maneno kwa sauti, ndani ya upepo, ili ayazoee. Basi lilisimama, likamshusha binti na sanduku moja, likaondoka na vumbi lake. Alikuwa amekonda. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nimekuja kusema kwamba nime..."

"Nyamaza kidogo," Bartolomayo akasema. "Wewe hukukosea."

Akamweleza. Alieleza yote, amesimama wima, mikono ubavuni, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkubwa. Jinsi Methusela alivyosema saa nne. Jinsi alivyovua saa yake ya mkononi. Jinsi alivyoambiwa apige simu aulize, akaona atadhalilika kumwuliza mtoto aliyemzaa. "Ulisema nne, nikaweka kumi. Wewe ulikuwa sawa tangu mwanzo. Nimekosea mimi, mwanangu. Nisamehe."

Yalitoka. Alishangaa kwamba yalikuwa maneno madogo tu.

Elieth alimtumbulia macho, kisha uso wake ukafunguka wote. "Kumi! Baba, uliweka kumi!" Akacheka mpaka akajishikilia kwenye usukani, machozi yanamtoka. "Na mimi huku najiuliza ni waya? Ni koili? Kumbe nilikuwa sawa! Baba, kumbe naijua kazi!"

"Unaijua. Kuliko mimi."

Akamkumbatia baba yake pale barabarani, kitu ambacho kwao hakifanywi, na Bartolomayo akaona miaka miwili inamdondoka mabegani. Elieth akajifuta uso kwa kiganja, bado anatabasamu.

"Uligundua lini?" akauliza. "Ulipokuwa unafunga pistoni mpya?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa Methusela.

"Hapana. Nilikwenda ghalani nikalisoma daftari. Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Ile iliyotangulia."

Midomo ya Elieth ilikuwa inacheza kidogo, anahesabu siku. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale usoni kwa muda kwa sababu hakuna aliyeliambia liondoke.

"Simu ilikuwepo hapo ghalani?"

"Ilikuwepo. Methusela alitaka kunifungulia."

"Alhamisi ile nilikuwa bado dukani, baba," akasema Elieth. "Niliacha kazi Jumamosi."